Maoni: Tundikeni televisheni, lakini msiitundike kwenye ubao

Goma. Ndugu wasomaji, na ninyi mnaotusikiliza kila jioni, leo siandiki habari za barabara wala za bei ya unga. Ninaandika juu ya televisheni iliyoanguka nyumbani kwangu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Lori lililobeba mawe lilipita barabarani na nyumba yetu ya mbao ikatetemeka, kama inavyotetemeka kila siku. Ila siku hiyo tulisikia kishindo ndani. Televisheni ya inchi 32 ya shangazi yangu, ambayo niliitundika kwa mikono yangu siku tatu kabla, ilikuwa chini, imelala kifudifudi juu ya mkeka. Juu ya mkeka huo binti yangu wa miaka minne alikuwa amelala usingizi wa mchana. Mama yake alikuwa ametoka kumwamsha ili akamuogeshe. Labda dakika tano zilikuwa zimepita, labda hata tano hazikufika.

Hakuna aliyeumia. Kioo kilipata ufa pembeni, lakini picha bado inaonekana. Shangazi hakunigombeza. Alikaa chini, akakusanya vipande vya ubao uliopasuka, akasema neno moja tu: «Nilikuambia.»

Ni kweli, aliniambia. Lakini hakusema kwamba itaanguka. Alikuwa na sababu yake nyingine ya kukataa isitundikwe, na sababu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike maoni haya. Nadhani familia nyingi zilizohama makwao zinaijua.

Shangazi yangu alikimbia vita vya Masisi mwaka 2023, akafika katika kambi ya Bulengo, magharibi mwa mji. Mwanawe anaendesha pikipiki ya abiria. Ndiye aliyemnunulia televisheni hiyo, ikiwa imekwisha kutumika, pamoja na betri na kibamba kidogo cha sola. Katika kambi ilikuwa juu ya sanduku la mbao, pembeni mwa hema. Mchana alichajia watu simu, jioni watoto walitazama katuni, na siku ya mpira majirani walitoa franga kidogo wakaingia. Kwa fedha hizo alinunua sabuni na chumvi.

Wengi mnakumbuka usiku wa tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, Leopards wetu na Côte d'Ivoire. Saa nne za usiku hapa kwetu. Nilikuwa Bulengo kwa kazi, nikabaki kwa shangazi. Watu walijaa mpaka nje ya hema, wengine hawakuona chochote, walisikiliza tu. Kabla ya mpira kuanza, wakati wimbo wa taifa unaimbwa, wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole kwenye kichwa kama bunduki. Walitaka dunia ijue kwamba Mashariki watu wanakufa na hakuna anayesema. Ndani ya hema hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja alivua kofia. Tulifungwa bao 1 kwa 0, lakini kesho yake katika kambi watu hawakuzungumza sana juu ya bao. Walizungumza juu ya mikono ile. Kwa mara ya kwanza waliona kwamba mateso yao yamefika kwenye kioo ambacho dunia nzima inakitazama.

Kwa hiyo yeyote anayesema kwenye bomba la maji, «Wakimbizi gani hawa wenye televisheni?», namwomba anyamaze kidogo na afikiri. Mtu aliyepoteza shamba, ng'ombe na nyumba hajapoteza haki ya kujua kinachoendelea. Hajapoteza haki ya kucheka na watoto wake jioni. Na televisheni ya namna hii mara nyingi ni duka dogo. Hatumcheki mama anayeuza mandazi mbele ya hema. Kwa nini tumcheke anayeuza picha na umeme?

Mwezi wa Februari 2025 kambi zilizozunguka Goma ziliondolewa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Wengine walirudi. Wengine walikuta nyumba zimeanguka au njia si salama, wakaingia kwa ndugu na marafiki mjini. Shangazi alikuja kwetu. Alifika na magodoro mawili, sufuria, wajukuu watatu, na televisheni imefungwa ndani ya vitenge vitatu, mgongoni kama mtoto.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Tulipokuwa watano tulitosha. Tulipokuwa tisa kila sentimita ikawa na kazi. Televisheni ikiwa chini, watoto wanaipiga teke. Ikiwa mezani, hakuna pa kulia. Nikamwambia shangazi: niitundike ukutani. Akakataa. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akaniambia: «Kitu kikitundikwa, mtu amekaa. Mimi sijakaa, mwanangu. Mimi napita.»

Mimi nilimwona kama mtu mzima mwenye imani za zamani. Siku alipokwenda sokoni nikachukua misumari mirefu na chuma cha kushikia televisheni nilichokinunua Birere, nikapigilia kwenye ubao. Nilifurahi. Siku tatu tu.

Sasa niseme wazi lile nililojifunza, kwa sababu naamini katika mitaa yetu kuna televisheni nyingi zinazoning'inia kama yangu ilivyoning'inia.

Baada ya ajali nilimtumia binamu yangu sauti kwa WhatsApp. Yeye alipelekwa Marekani na familia yake baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi nje ya nchi. Anaishi Elkhart, jimbo la Indiana, na anafanya kazi katika kiwanda cha nyumba za magurudumu, zile zinazovutwa nyuma ya gari, ambazo Wamarekani wanasafiri nazo na wengine wanaishi ndani. Mji huo unajulikana kwa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya nyumba hizo za Marekani hutoka huko na vijiji vya jirani. Nilifikiri atanicheka. Alinijibu: «Kaka, ukuta wetu hapa na ukuta wako huko Goma ni ndugu.»

Akanieleza. Ukuta wa nyumba ya magurudumu ni mwembamba sana: kwa ndani ni bamba la mbao la milimita chache tu, nyuma yake kuna fito za mbao au za aluminiamu na kitu chepesi kama sponji. Ukiingiza skrubu, ile tunayoita vise, kwenye bamba peke yake, itashika leo, na siku gari litakapopita kwenye mashimo itachomoka. Kwa hiyo kiwandani, kabla ya kufunga ukuta, wanaweka ubao mnene au chuma mahali ambapo televisheni itakaa. Mwenye nyumba akitaka kuitundika mahali pengine, lazima kwanza atafute fito iko wapi. Na kama chuma cha kushikia ni kile chenye mkono unaovutwa, mkono huo unafungwa kwa kitasa kabla ya gari kuondoka. Wengine wanaishusha kabisa televisheni na kuilaza kitandani.

Sababu ni moja, akasema: nyumba ile inatembea.

Ndugu zangu, na sisi nyumba zetu zinatembea. Tangu lava ya Nyiragongo iteketeze katikati ya mji Januari 2002, watu wengi wa Goma wamejenga kwa mbao juu ya mawe meusi, kwa sababu mbao ni rahisi, na zinaweza kung'olewa zikajengwa mahali pengine. Mei 2021 mlima ulipotapika tena, ardhi ilitetemeka siku nyingi mfululizo, na tarehe 27 mwezi huo sehemu kubwa ya mji iliambiwa ihame. Nani amesahau foleni ile ya kwenda Sake? Malori yanatutikisa, ardhi inatutikisa, na vita vinatuhamisha. Hatuwezi kutundika kitu kama mtu aliyejenga kwa matofali na saruji huko Himbi.

Kwa hiyo, jambo la kwanza: ubao wa ukuta haushiki kitu. Ubao ule ni nguo ya nyumba. Unazuia upepo, mvua na macho ya watu. Kinachobeba nyumba ni nguzo na miti inayolala kati ya nguzo. Gonga ukuta kwa kidole: palipo patupu panalia kama ngoma, palipo na nguzo panatoa sauti nzito. Tazama pia mstari wa misumari ya ukuta; inapofuatana kutoka juu hadi chini, hapo nyuma kuna nguzo. Televisheni ishikwe na nguzo mbili. Kama nguzo ziko mbali kuliko upana wa chuma chako, chukua ubao mnene, uulaze kutoka nguzo hadi nguzo, uufunge vizuri pande zote mbili, ndipo ufunge chuma juu ya ubao huo. Hiyo ndiyo kazi ya kiwanda cha Elkhart, na fundi wa mtaani anaifanya kwa saa moja.

La pili: acheni misumari. Msumari unaingia kwa nguvu na unatoka kwa mtikisiko. Kila lori likipita, unasogea kidogo, na wewe huoni. Tumieni vise nene, au vizuri zaidi buloni inayopita nguzo nzima, yenye nati na sahani ya chuma upande wa pili. Baada ya mwezi mmoja, kaza tena, kwa sababu mbao mbichi hukauka na kunywea.

La tatu: jueni uzito. Televisheni bapa ya inchi 32 ina kilo 4 hadi 6 hivi. Ile ya zamani yenye mgongo mkubwa inaweza kupita kilo 20. Hiyo isitundikwe kamwe kwenye nyumba ya mbao, na isiwekwe juu ya kabati ambalo mtoto anaweza kulipanda. Iwe chini, juu ya kitu kipana, imefungwa kwa kamba kwenye nguzo. Chuma chenye mkono mrefu kinapendeza, lakini ukivuta televisheni mbali na ukuta, uzito uleule unavuta vise kwa nguvu zaidi. Kwa nyumba zetu, chuma kinacholala karibu na ukuta ndicho bora.

La nne: nyuma ya televisheni kuna matundu manne. Pimeni umbali kati yao kabla ya kununua chuma. Mara nyingi ni milimita 75, 100 au 200. Msiingize vise ndefu kuliko tundu, maana itaingia mpaka kwenye vyombo vya ndani na kuviua.

La tano, na hili ndilo linalonitisha kuliko kioo kuvunjika: nyaya. Nyumba ya mbao inaungua haraka kuliko mtu anavyoweza kuamsha watoto wote. Bukavu wanajua vizuri, mitaa inateketea huko mara kwa mara. Msipitishe waya chini ya msumari uliokunjwa. Msiunganishe waya kwa kusokota na kufunga karatasi ya plastiki. Waya isipite juu ya mbabula. Kwa wenye betri na sola, betri ikae chini, mahali penye hewa, mbali na moto na mbali na wanapolala watoto, kwa sababu betri ya gari inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kuwaka. Na karibu na betri wekeni fyuzi kwenye waya wa chanya. Fyuzi ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayokata moto kabla haujawa moto. Ngurumo ikianza, chomoeni waya wa umeme na ule wa antena. Kivu yetu ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi.

Na la sita: mahali. Isiwe juu ya kitanda, juu ya mkeka wa watoto, wala juu ya mlango ambao ndio njia ya kutokea usiku. Mimi nilichagua mahali pazuri pa kutazamia. Nilipaswa kuchagua mahali ambapo ikianguka, itaanguka bure.

Kwa wale ambao bado wako chini ya shitingi na miti ya mikaratusi, ushauri wangu ni mfupi: msitundike. Upepo unaitikisa miti ile usiku na mchana. Wekeni chini, juu ya sanduku pana, mfunge kamba nyuma. Si aibu.

Nina neno pia kwa wanaogawa vifaa vya kujengea. Nimeripoti ugawaji mwingi. Familia inapewa shitingi, miti, kamba na misumari, nayo inashukuru. Lakini mtu akikaa mwaka, miaka miwili, anaanza kuning'iniza vitu: taa, redio, mfuko wa nguo, betri, televisheni. Mnajua kwamba atafanya hivyo, hata kama hakuna anayeliandika kwenye karatasi. Basi ongezeni ubao mmoja mnene na vise chache, na mtu wa kuonyesha jinsi ya kuvifunga. Wanapofundisha kunawa mikono, wafundishe pia waya na moto. Na mashefu wa nyumba kumi, mnaopita kila siku mlango kwa mlango, ulizeni: hiki kimefungwa kwenye nini?

Najua kuna atakayesema: watu hawana chakula, na mwandishi anazungumzia kutundika televisheni. Ni kweli, chakula ni cha kwanza, nami nimeandika juu ya chakula mara nyingi, nitaandika tena. Lakini watoto hawafi kwa njaa peke yake. Wanakufa pia kwa moto wa nyaya na kwa vitu vinavyoanguka ndani ya nyumba zilizojaa watu kupita kiasi. Kifo cha namna hiyo kinaweza kuzuiwa na buloni nne.

Nimalize na shangazi, kwa sababu bado hatujaelewana kabisa.

Jumamosi iliyofuata nilimwita fundi. Nilimwomba shangazi ruhusa kwanza, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo, kwa sababu televisheni ni yake. Alikataa tena. Fundi, mtu wa makamo ambaye naye alihama kutoka Rutshuru, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwonyesha buloni. Akamwambia: «Mama, huu si msumari. Hiki kinaingia kwa ufunguo, kinatoka kwa ufunguo. Siku ukisikia kwenu kumetulia, nusu saa tu, umeshashusha na umefunga mzigo. Ukuta utabaki na matundu manne, ya kwako hakuna kitakachobaki.»

Shangazi alifikiri. Akauliza: «Ufunguo gani?» Fundi akasema: wa 13. Akauliza unauzwa wapi.

Ndipo nilipoelewa kosa langu la kwanza. Mimi nilidhani nalumbana na mtu anayeogopa misumari. Kumbe alikuwa anaogopa kuzoea. Anawaona watu waliotundika picha, saa, kalenda, na mwaka baada ya mwaka hawazungumzi tena juu ya shamba lao. Hofu hiyo si imani ya zamani. Ni akili ya mtu anayetaka kurudi.

Lakini hapa siafikiani naye, na nimemwambia. Kukaa vibaya hakumrudishi mtu nyumbani haraka. Kuacha watoto wapige teke waya za betri si njia ya kuikumbuka Masisi. Anayesubiri kurudi anaweza kusubiri akiwa salama. Tunachotakiwa ni kutundika kwa namna inayoshika wakati tupo, na inayofunguka siku ya kuondoka. Mambo hayo mawili hayapigani. Buloni ileile inafanya yote mawili.

Televisheni sasa iko ukutani, na ufa wake pembeni. Malori yanapita, haisogei. Chini yake tumeweka ndoo ya maji, hakuna anayelala hapo. Ufunguo wa 13 shangazi alijinunulia mwenyewe. Hauko kwenye sanduku langu la vyombo. Ameufunga kwenye pindo la kitenge chake, pamoja na kadi yake ya uchaguzi.

Leo jioni, kabla hamjawasha televisheni, gongeni ukuta.

Mwandishi wenu wa redio, Goma.